Weupe wa Ngao ya Thornwick

Hester Maddock alikuwa mjane wa miaka sitini na mmoja, na mkono wake haukujua kutetemeka. Mabango ya baa zote za Thornwick yalitoka kwenye brashi yake, ingawa sifa alizila marehemu mumewe, naye akaenda nazo kaburini. Kwa hiyo mwaka 1934, halmashauri ilipomkabidhi ngao ya nembo ya mji, iliyotundikwa ukumbini, aipake upya, Hester aliitaka kazi ile kwa roho yake yote. Mara hii jina lingekuwa lake.

Ngao ilikuwa na simba mwekundu juu ya weusi. Hivyo ndivyo mji mzima ulivyoijua, hata timu ya raga ilivaa nyeusi. Lakini Hester alifungua hati ya zamani ya ngao hiyo, akakuta neno moja kuhusu uwanja wake, yaani rangi iliyo nyuma ya simba: argent. Maana yake ni fedha, na wapaka ngao huipaka nyeupe. Akachora mfano mweupe, akaupeleka ukumbini mbele ya halmashauri.

Meya Loxley, muuza nyama mwenye shingo nene, aliutazama kama nyama iliyooza.

"Nyeupe? Bi Hester, leo umeamkia ubavu gani?"

"Hati inasema argent, Mheshimiwa."

"Hati haina macho, mimi ninayo! Babu yangu aliikuta nyeusi."

"Tangu lini kwenye ngao rangi nzito ikalazwa juu ya rangi nzito, nyekundu juu ya nyeusi? Ukiwa mlangoni, simba humwoni."

"Basi vaa miwani, mama!" Madiwani wakaangua kicheko. "Ijumaa tunamwita fundi wa kiume kutoka York."

Neno lile lilimchoma Hester, akakaribia kulia mbele yao. Badala yake akaomba bisibisi. Akaishusha ngao ukutani, akaifungua fremu skrubu moja moja, huku wanaume wale wakikohoa na kutazama saa zao. Fremu ikaachia.

Chini yake, mahali ambapo moshi wa makaa ya ukumbi haukupata kupenya, ulibaki ukanda wa upana wa kidole. Uling'aa.

"Na hii je?" akauliza. "Wazee wenu walibandika fedha halisi. Fedha ikikaa kwenye moshi huwa nyeusi kama sufuria. Ndiyo maana sisi tunapaka nyeupe."

Karani wa halmashauri ndiye aliyeanza kucheka, na safari hii si Hester aliyechekwa.

"Ina maana..." Loxley akajikuna shingo. "Miaka yote hii tumekuwa tukivaa masizi?"

"Na kuyashangilia, Mheshimiwa."

Wiki tatu baadaye ngao ilitundikwa nje, juu ya mlango wa ukumbi, na pazia lililoifunika likavutwa. Simba aliruka kwenye weupe, akaonekana hadi upande wa pili wa soko, na watu wakapiga makofi mpaka njiwa wakahama paani. Meya alikunjua karatasi yake na kusoma kwa sauti ya kunadi nyama:

"Imepakwa na Hester Maddock."

Hester alilia hapo hapo mbele ya mji mzima, wala hakujifuta.