Nishani ya Mzee Tahir

Muzdalifa, mfanyabiashara wa mikoba kutoka Dar es Salaam, alikuwa mtu wa kutia kila kitu kwenye mfuko mmoja, na tabia hiyo ndiyo iliyomtoa jasho Guangzhou mwaka ule wa tisini na nane. Humo mlikuwa na zipu, vipande vya ngozi, bizimu za mikoba, na nishani ya baba yake.

Mzee Tahir aliipata katika Vita Kuu ya Pili, enzi za Mwingereza. Alikuwa mpiga bunduki wa mkiani kwenye ndege ya mabomu. Ndege ikashika moto angani, yeye hakubanduka kwenye bunduki yake, na wakarudi kwa injini moja. Sasa utepe wa nishani, wa mistari ya zambarau na nyeupe iliyokaa mshazari, ulikuwa umeliwa na mende, na mzee aliona haya kuivaa siku ya kuwakumbuka mashujaa. Akampa binti yake aende nayo China akamtafutie utepe mpya. Muzdalifa aliupata Zhongda, kwenye soko la vitambaa, akautia kwenye mkoba wake wa begani kwa furaha.

Kesho yake alipanda basi hadi Shiling kwa laoban wake, yaani bosi, mama mmoja mwenye kiwanda cha mikoba, akamwachia ule mfuko wake wa sampo, yaani vitu vya mfano, kama wafanyavyo wenzake wote. Asubuhi iliyofuata, akinywa chai hotelini Liuhua, alitoa utepe mpya, akaitafuta nishani aupachike. Ilikuwa imebaki kwenye ule mfuko. Sampo ya chuma ikifika Shiling hukatwa kwa msumeno, waone ndani ni shaba au bati lililopakwa rangi.

Njia nzima ya kurudi Shiling alikuwa akisali. Atamwambia nini baba? Mjerumani kashindwa kuimaliza ndege, yeye aje kuimaliza nishani kwa uzembe?

Alipoingia kiwandani, aliona bizimu zake mezani, zote vipande viwili viwili. Akakaa juu ya rundo la ngozi. Laoban alimtazama, akafungua droo anamoweka miwani yake, akatoa nishani ikiwa nzima. Akaigeuza, akamwonyesha kwa ukucha jina lililochorwa ukingoni.

“Hii si sampo,” alisema kwa Kiingereza chake cha sokoni. “Hii ina mwenyewe.”

Muzdalifa alilia bila aibu, kisha akacheka, maana laoban hakumpa hata nafasi ya kupangusa machozi, akamuuliza bizimu anazitaka za shaba au za bati. Akapachika utepe palepale, na safari hii nishani ikaingia kifuani, ndani ya nguo.

Jioni alipiga simu nyumbani. Angeweza kuyameza, lakini kifua kilikuwa chepesi mno, akamwaga yote. Mzee Tahir alicheka mpaka akakohoa.

“Mwanangu, mimi nilirudi kwa injini moja,” akasema. “Hiyo ingeshindwaje kurudi kwa basi?”