Beseni la Kinama

Juzi nilikuwa kwenye ofisi mpya ya komine, yaani serikali ya mtaa, huku Mutanga Nord, nikingoja muhuri kwenye cheti changu cha ukaazi, mvua ikaanza. Wafanyakazi wa hapa wamehamishwa kutoka Kinama, ambako paa la ofisi yao ya zamani lilikuwa linavuja. Huku dari ni nyeupe, haina hata doa.

Mama mmoja karani akainuka bila kutazama juu, akatoa beseni chini ya meza, akaliweka katikati ya chumba. Wenzake wawili wakasogeza viti pembeni, wakakumbatia mafaili. Kisha wote wakategea sikio tone la kwanza. Sisi wa foleni nasi tukasikilizia.

Halikuja.

"Mama, huku haivuji," mkuu wao akasema taratibu.

"Najua, shefu. Ni mikono tu, bado iko Kinama."

Hakuna aliyecheka. Tangazo la mlangoni lilisema uhamisho wa ofisi umekamilika. Meza zimefika, kweli. Watu ndio bado wako njiani. Mimi mwenyewe, nilipopata muhuri, nilitoka nimekunja suruali kana kwamba sakafu imelowa, nikilizunguka lile beseni kavu.