Milamula ya Mpaka wa Chini

Mimi ndiye niliyeikata ile milamula. Naanza na hilo kwa sababu nimelificha miaka mingi, na mtu akificha jambo muda mrefu hulizoea, akadhani halipo.

Kwetu Ijumbi kila kibanja kilizungukwa na milamula, vile vimti vyembamba vyenye majani marefu kileleni. Ukiiona, unajua hapa ndipo migomba ya fulani inapoishia na ya mwenzake inapoanza. Baraza la wenyeji liliitungia sheria, Bwana DC wa Bukoba akaikubali, na mukungu, mkuu wa kijiji chetu, akaisoma nje ya kanisa baada ya misa. Mtu mzima akikata mlamula wa mpaka, amekuwa mwizi wa ardhi: hana neno tena juu ya mpaka huo, anasikilizwa jirani yake. Mtoto akikata, anachapwa viboko sita mbele ya wazee, na miti inapandwa upya palepale ilipokuwa. Ilikuwa sheria nzuri. Nimeitukana sana, lakini ilikuwa nzuri.

Mama alikuwa mjane. Kwenye mpaka wetu wa chini, hatua tatu tu ndani ya milamula, alilala mdogo wangu aliyekufa siku aliyozaliwa, kabla hajabatizwa. Mtoto wa namna hiyo hakuwekewa msalaba, wala hakuwa na jina. Baba alimzika chini ya mgomba bila kuita watu, na mwaka uliofuata baba naye akaondoka. Nilijua mahali pale kwa kuwa kila Jumamosi mama alitandika nyasi mpya chini ya ule mgomba. Aliniambia mara moja tu, "Hapa usikanyage, mdogo wako amelala."

Nilikuwa na miaka tisa ilipokuja Jumapili ya Matawi. Wenzangu walikwenda bondeni kukata makindu ya kubeba kanisani. Bonde liko mbali, na uvivu mimi sikuuanza leo. Nikachukua panga la mama, nikashuka mpakani. Kilele cha kwanza nilichokata kilikuwa na majani yaliyochanika. Cha pili kimepinda. Nami nilitaka tawi la kuwashinda watoto wa katekista, basi nikakata vitano, nikachagua kimoja, vinne nikaviacha chini upande wetu. Sikuvificha hata kidogo. Kanisani nilipita kifua mbele.

Jumatatu mashina matano yalikuwa bado yamesimama, niliyaona. Jumatano hayapo, na mashimo yamefukiwa vizuri. Siku hiyohiyo jirani wa chini, mtu aliyekula kwetu siku zote za uhai wa baba, alikwenda kwa mukungu kusema mama anausogeza mpaka. Ushahidi wake ni vilele vyangu vinne.

Wakaja wazee wa baraza pamoja na mukungu, na tarishi wao amekumbatia kiboko. Mukungu akamwuliza mama nani amekata.

"Sijui, mzee," mama akasema.

"Labda ni mtoto?"

Wote wakanigeukia. Naapa yule mukungu alikuwa ananifungulia mlango. Nilitakiwa kusema "ni mimi", basi, nichapwe, nilie, mambo yaishe. Viboko sita ni nini? Wanangu wamechapwa na zaidi kwa kuvunja sahani. Lakini nilikitazama kile kiboko, nikatikisa kichwa.

Hapo mama akasema jambo ambalo wanawake wa kwetu hawakulisema mbele ya wanaume: kwamba chini ya mgomba ule kuna mtoto wake. Jirani akauliza ni nani aliyeshuhudia mazishi. Aliyemzika alikuwa baba, naye alikwisha kufa. Wazee wakatazama chini, maana hata wao waliona haya, lakini sheria waliitunga wenyewe. Wakamwambia jirani aonyeshe mpaka. Akatembea polepole hadi akaupita mgomba, akaendelea kidogo, akasimama. Milamula mipya ikapandwa pale aliposimama, na kuanzia siku ile sheria ikailinda.

Msimu uliofuata aling'oa ule mgomba, akapanda mibuni. Mama aliendelea kushuka kila Jumamosi na fungu lake la nyasi. Alikuwa akisimama upande wetu, kisha anarudi nalo. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na hilo ndilo lililonimaliza.

Alipozeeka nilimchukua, tukakaa naye kwangu Bilele, huku mjini Bukoba. Siku moja tunamenya maharage, nikashindwa kuvumilia, nikamwambia. Nililia hadi maharage yakamwagika.

"Nilijua," akasema. "Nililiona tawi lako kanisani. Lilikuwa zuri kuliko ya wote."

Nikamwuliza kwa nini hakunitaja.

"Nilikiona kile kiboko, nikaviona na vijiguu vyako. Nikasema, huyu ndiye aliyebaki."

Akainama, akaanza kuokota maharage moja moja. Baadaye akaniuliza kama ile milamula ya mpaka wa chini bado ipo. Nikamwambia ipo, imekuwa mirefu, na hakuna anayeruhusiwa kuigusa.