Nukta ya Katikati

Mkuu wa mradi wetu alikuwa mtu wa kuchora. Siku moja kwenye semina hapa mjini alijaza ubao nukta na mistari: nukta ni watafiti, mistari inaonesha nani anazungumza na nani. Upande mmoja wataalamu wa maji ya bahari, upande wa pili wataalamu wa mbegu za mwani, na katikati nukta moja tu iliyoshika kote kuwili. Akasema mbele za watu kuwa ile ni mimi, na maarifa hupita kwa mtu kama mimi. Nikavimba kichwa, msinicheke. Mie msaidizi tu, kazi yangu kubeba chupa za maji na kutafsiri mikutano.

Wakati huo mwani wa Jambiani, kijiji cha pwani, ulikuwa unaingia weupe, unalainika, unakatika kwenye kamba za mashamba. Shangazi yangu, mjane, alikuwa na shamba lake huko, bado zima, na kwa shamba hilo alikuwa akikataa kuhamia kwangu mjini, Kikwajuni. Kila nikimwita hunijibu kuwa yeye hajawa mtu wa kulishwa. Kisha hubadilisha mazungumzo.

Watu wa maji walishajua kuwa mashamba ya karibu na ufukwe hupata joto kali maji yakitoka mchana, ndilo linaloanzisha weupe, na walishajua pa kuyahamishia. Watu wa mbegu walishajua kuwa weupe unahama pamoja na mbegu, tena walikuwa na mbegu safi kwenye shamba lao la majaribio Kiwengwa. Nusu huku, nusu kule, na zote mbili nnazo mimi. Nikawakalisha meza moja. Wakanywa chai, wakasifiana, wakakubaliana kila kitu, kisha wakasema mbegu haitoki Kiwengwa mpaka kila upande upate ruhusa kwa wakubwa wake. Nikangoja, nikakumbusha, nikajibiwa kwa adabu, nikangoja tena. Hasira nilikuwa nazo, lakini nimgombeze nani? Wote walikuwa watu wema.

Basi nikasema, angalau maneno hayahitaji ruhusa. Nikenda Jambiani. Nilimkuta shangazi ameinama anafunga mwani, nikamwamkia, akaitikia, nikamweleza kuwa asipokee mbegu ya mtu mpaka joto lipungue. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ameelewa, na mimi nikashusha pumzi.

Hatujamaliza, akaja jirani yake na kapu. Huko mbegu, yaani vipande vya mwani vya kufunga upya, haiuzwi. Aliyepungukiwa hupewa, na shamba lake likinawiri hurudisha, na iliyorudishwa hufungwa kambani mbele ya macho ya aliyeileta, ndiyo heshima yenyewe. Yule bibi alikuwa anarudisha aliyopewa na shangazi. Nikatazama kapuni nikaona ncha zimeanza kupauka. Shangazi naye aliona. Akashukuru, akamuuliza hali ya wajukuu, akaifunga yote, kipande kwa kipande, katikati ya mwani wake mzima. Mie nimesimama na maji ya magotini, na elimu yangu yote.

Jirani alipoondoka nikamsihi shangazi aifungue. Akasema mwenzake atapita kesho kuangalia imeshikaje. Nikamwambia shamba litakufa. Nilipaza sauti, namwomba Mungu anisamehe.

"Nimrudishie kapu lake?" akaniuliza. "Siku nikifa, wewe uko mjini. Nani ataniosha?"

Nikarudi mjini, nikawaangukia wale wa mbegu, safari hii si kama msaidizi, kama mtoto wa mtu. Walinihurumia kwa dhati, wakaniambia faili liko mezani kwa mkubwa. Huku nyuma, Jambiani, weupe ukaingia kamba baada ya kamba, mpaka shangazi akang'oa vijiti vya kufungia kamba zake, shamba likaisha.

Mkuu alinipigia simu kwa furaha: ruhusa imetoka, mbegu ya Kiwengwa iko tayari, tuanze na Jambiani. Akaniuliza kama nnamjua mkulima wa kuaminika mwenye shamba. Nikamwambia nitamtafutia, maana nilikuwa ngazini, nimebeba fuko la nguo la shangazi, naye anapanda nyuma yangu akishikilia ukuta.

Tulipoingia ndani hakukaa. Alisimama karibu na mlango, mtandio bado kichwani, akitazama makochi kama mgeni.

"Haya mwanangu," akasema, "nioneshe pa kukaa nisikuzuilie njia."