Kuna Kitu Hapa Chini

Kwetu Songea neno "mtaalamu" lina maana mbili, msomi na mganga, na mama yangu hakujali watu wanachukua ipi. Nilipomaliza chuo na kupata kazi ya kupima maji yaliyo chini ya ardhi, alitangaza mtaa wetu mzima wa Mfaranyaki kwamba binti yake sasa ni mtaalamu. Akaishia hapo. Wiki haikuisha, akaja jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, akakaa mkekani akaanza kunieleza jinsi mumewe asivyolala nyumbani. Nikamwambia, mama, mimi ni mtaalamu wa maji. Akasema hakuna shida, hata dawa ya kuoga ataitumia.

Msidhani kazi hii niliifuata kwa wito. Nilitaka udaktari, matokeo ya kidato cha sita yakanicheka. Nikaingia jiolojia kwa sababu ndiko walikokuwa na nafasi. Wenzangu wanahangaika usiku na mchana watoboe maisha, mimi nikaajiriwa nitoboe ardhi.

Kazi yenyewe haina makuu. Unapigilia vigingi vya chuma ardhini kwa mstari, unaviunganisha na nyaya, unapitisha umeme wa betri, halafu mashine inakusomea namba. Penye mwamba uliopasuka na kushika maji, namba zinashuka. Sisi tunaiita sayansi. Mkulima aliyesimama pembeni anaona mwanamke kavaa buti, anapigilia vyuma kwenye shamba la mtu huku akinong'ona peke yake.

Hilo sikulifikiria siku nilipopelekwa kupima kwenye kijiji kimoja upande wa Maposeni. Mahindi yalikuwa yameshavunwa, mashamba meupe, na wanawake walikuwa wakichota maji mtoni, mwendo wa saa nzima kwenda na kurudi. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kisima kichimbwe karibu na kilabu chake cha pombe, kwa manufaa ya umma. Namba zikamkatalia. Zilishuka vizuri mahali pamoja tu, pembeni ya shamba la bibi mmoja mjane aliyekuwa akiishi peke yake. Alikuwa ameshazika waume wawili, na ulimi wake ulikuwa mkali kama pilipili kichaa. Kwa hiyo kijijini alikuwa na heshima nyingi na marafiki wachache.

Nilifurahi mno kuona zile namba. Nikasimama katikati ya shamba nikampigia mwenyekiti kelele, mbele ya watu waliokuja kushangaa: "Mwenyekiti, kuna kitu hapa chini!" Halafu, ili wachimbaji wasipotee, nikapigilia kigingi pale pale na kukifunga kitambaa chekundu.

Kitambaa chekundu, jamani! Nimezaliwa Songea, nimekulia Songea, najua nani hufunga vitambaa vyekundu na kwa nini. Lakini ukishasoma sana unajisahau. Nikapanda gari nikarudi mjini kula wali.

Wiki moja baadaye nilirudi na mtambo wa kuchimba, nikapokewa kishujaa. Mwenyekiti akanivuta pembeni, akanong'ona kwamba mimi ni kiboko. Miaka yote walikuwa wakijiuliza nani anawaharibia mambo pale kijijini, na mimi nimekuja na waya zangu, kwa siku mbili tu nikapaona palipofukiwa chungu cha uchawi. Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

Bibi mwenyewe alinifuata kwenye mtambo. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia buti hadi kofia.

"Umeona nini shambani kwangu?"

"Maji, bibi."

"Basi waambie. Wamenipa mpaka mvua za kwanza niwe nimehama."

Akanieleza kwamba toka nifunge kile kitambaa hakuna mwanamke aliyempitia kwenda mtoni. Walikuwa wakikata njia ya juu, kwenye miiba, ili wasipite mlangoni kwake. Aliyasema hayo bila kulia, na mimi ndiye niliyetaka kulia. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu ulikuwa umeponza kichwa cha mtu mwingine.

Nikamwomba mwenyekiti aite watu. Nikachora mchanga, udongo na mwamba, nikaeleza umeme unavyopita, nikatoka jasho. Wakaitikia kwa vichwa, watu wenye adabu sana. Mzee mmoja akanyoosha mkono akauliza kama hicho kitu kinauma. Mwenyekiti akanituliza kwamba wanaelewa, wataalamu hawasemi kila jambo hadharani. Nikasema moyoni, maji yakitoka yatanisemea.

Mtambo ukaanza asubuhi, kijiji kizima kimezunguka, wengine wamesimama mbali kidogo kwa tahadhari. Likatoka vumbi jekundu. Likafuata la njano. Halafu likaja jeupe, la mwamba wenyewe, likaendelea kuwa jeupe. Fundi wa mtambo akaongeza rodi ya chuma ili ashuke zaidi, akaongeza nyingine. Mimi nilikuwa nachota vumbi kiganjani na kulifinya, nikitafuta japo unyevu wa mate. Bibi alikaa kwenye kizingiti cha mlango wake, mikono mapajani, hatazami mtambo. Alikuwa ananitazama mimi. Mchana fundi alizima injini akatikisa kichwa. Waswahili husema maji yakimwagika hayazoleki; yangu hata kutoka hayakutoka.

Ofisini kwetu siku kama hizo zina maneno yake. Unawaambia wanakijiji kwamba mwamba umekataa, unapakia vyombo, unaondoka. Ni maneno mazuri, hayamgusi mtu. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kuyasema niliposikia mwanamume mmoja nyuma yangu akisema taratibu, "Ameyafunga maji." Na vichwa vyote vikageukia kwenye kile kizingiti.

Nikapanda ngazi ya mtambo.

"Nimekosea mimi," nikasema. "Hakuna kitu hapa chini. Hakijawahi kuwepo. Mimi si mtaalamu, kazi sijaijua bado."

Ukweli ni kwamba sijui kama nilikosea. Vipimo vilikuwa safi, ningevitetea mbele ya profesa yeyote. Mwamba una tabia zake, unaweza kukuonyesha kila dalili ya maji na ukakunyima. Lakini huwezi kuwaeleza hayo watu ambao wameshamgeukia mtu. Ilibidi mjinga apatikane pale pale, kabla hawajapata mchawi.

Mwenyekiti akaanza kucheka, wakamfuata wote. Mmoja akauliza kama hivyo vyeti nilivinunua. Mwingine akasema alishanishtukia toka siku ya kwanza, nilivyokuwa naongea na waya. Mzee wa swali la kuuma alicheka mpaka akakohoa. Iliniuma, sitaki kudanganya. Mimi ni mtu wa majivuno na sipendi kuchekwa, na siku ile nilichekwa na kijiji kizima pamoja na fundi wetu, aliyekuwa anakula mshahara ule ule ninaokula mimi.

Bosi alipopata habari aliniita. Akasema ofisi yake haikuajiri watu wa kutubu hadharani, akaniweka mezani miezi mitatu nikichapa ripoti za wenzangu. Wenzangu wenye mashimo makavu kuliko langu, nataka ijulikane.

Lakini kule kijijini, kesho yake asubuhi, kabla hatujaondoka, nilikuwa nakunja nyaya kando ya lile shimo. Wanawake wakaja na ndoo zao. Nikashika kazi yangu, sikutaka kutazama. Walipita njia ya chini. Wakasimama mlangoni kwa bibi, mmoja akaita, "Bibi, twende basi, jua linapanda."

Akatoka. Alipofika usawa wangu akasimama, akaninyooshea kidole, akasema kwa sauti wote wasikie: "Mwoneni huyu. Mtaalamu hewa!"

Wakacheka, naye akacheka katikati yao kuliko wote, ndoo kichwani. Wakashuka pamoja kwenda kule mtoni, mbali, safari ambayo mimi ndiye niliyekuwa nimetumwa kuja kuwaondolea.