Maua ya Wenyewe

Shangazi yangu ni mwizi. Nalisema mapema kabla hamjaambiwa na wengine, maana mtaani kwetu jambo hili halina siri. Hajawahi kugusa senti ya mtu wala kuku wa mtu. Anachoiba ni vijiti vya maua, na kwa kazi hiyo mkono wake ni mwepesi ajabu.

Vyombo vyake ni mkasi mdogo wa kushonea, kitambaa kibichi na mwavuli mweusi ambao huubeba hata jua likiwaka. Anakuja kukutembelea, anasalimia vizuri, anawasifu watoto, kisha anaomba aoneshwe bustani. Ukigeuka tu kuagiza chai, kijiti kimeshaingia mwavulini. Siku moja alilalamika mgongo tukampeleka kliniki. Baadaye tuligundua kwamba mgongo ulianza kumuuma wiki ile ile daktari alipopanda maua mapya chini ya dirisha lake.

Mali yote hiyo ya wizi inaota nyuma ya nyumba yake, kwenye kiwanja ambacho mtu mwingine angeanikia nguo tu. Majina ya maua hana haja nayo. Kila mmea unaitwa kwa cheo cha aliyeibiwa. "Hakimu ana wadudu," ataniambia asubuhi, "hebu mpulizie maji ya sabuni." Au atasema Mwalimu Mkuu amezidi kurefuka, kesho anamkata kichwa. Fundi bomba mmoja aliyekuja kutengeneza bomba la jikoni aliyasikia hayo, akaondoka bila kumaliza kazi.

Lakini alikoiba zaidi kuliko kwingine kote ni kwenye bustani ya Bibi Mkubwa. Iko mlimani, ina kuta za mawe zilizopangwa ngazi kwa ngazi, bwawa dogo, na njia zinazopinda makusudi ili usiione yote kwa mara moja. Bibi Mkubwa aliitengeneza maisha yake yote, yeye na mwashi wake mmoja. Inasemekana mumewe alirudi safari akakuta chumba chake cha kusomea kimebomolewa, kwa sababu kilikuwa kinawazibia mawaridi jua. Baada ya Bibi Mkubwa kufariki, watoto walitawanyika na bustani ikakaa miaka bila mtu. Shangazi aliitumia miaka hiyo vizuri sana. Hatimaye familia ikamweka msimamizi, wakampa na nyumba ya kukaa pale langoni, yeye na mkewe.

Ukutani mwa nyumba kubwa kulikuwa na mwaridi wa kutambaa ambao haupo kwingine kokote tunakokujua, maua yake rangi ya chai ya maziwa. Bibi Mkubwa aliupanda bintiye alipozaliwa. Shangazi aliutamani mpaka akakosa hamu ya kula, na siku alipokwenda kuumaliza ugonjwa wake, msimamizi alimkamata. Alimwita mwizi mbele ya wageni, akamnyang'anya mwavuli, akaufungua. Halikudondoka hata jani. Shangazi akaapa kwa jina la marehemu mumewe kwamba hajawahi kuchukua kitu katika bustani ile, akatoka kichwa juu. Kijiti kilikuwa ndani ya kilemba.

Msimamizi, kwa aibu, aliweka kibao langoni: Miavuli Hairuhusiwi. Mvua zilipoanza wageni waliloa chapachapa na hakuna aliyejua sababu. Kwetu mwaridi ulishika vizuri, ukapewa jina la Msimamizi, na sijawahi kumwona shangazi akikata mmea kwa raha kama alivyokuwa akimkata huyo.

Shangazi na msimamizi hawakusalimiana tena, hadi binti wa Bibi Mkubwa, ambaye sasa ni bibi mwenye mkongojo, alipotuma habari kwamba anakuja kuiona bustani ya mama yake kabla nguvu hazijamwishia. Msimamizi alitaka mwaridi uchanue kupita kiasi siku hiyo. Akaumwagia mbolea ya kuku, mbichi, ndoo kwa ndoo. Mtu yeyote wa maua anajua mbolea hiyo isipooza kwanza inaunguza mizizi. Na yeye alijua, ila hamu ilikuwa imempanda kichwani. Mwaridi ukakauka wote.

Alikuja kwetu kofia mkononi. Nikamletea maji, hakuyagusa.

"Dada yangu," alimwambia shangazi, "nimeuua ule mwaridi. Yule mama akikuta ukuta mtupu, kazi sina. Na nyumba ninayolala na mke wangu ni ya kazi." Akatupa jicho nyuma ya nyumba. "Watu wanasema wewe unao."

"Watu wanasema mengi," shangazi akajibu. "Mimi niliapa mbele yako. Au unataka kusema niliapa uongo?"

"Hapana, dada."

"Basi sina mwaridi. Ila kesho asubuhi naenda sokoni, na nitachelewa. Na lango langu bovu, halifungi."

Soko la shangazi siku hiyo lilikuwa dirisha la jirani. Tulikaa pale na kikapu chetu kitupu tukimwangalia msimamizi akiingia na toroli, mkewe nyuma amebeba gunia. Alianza kuchimba. Shangazi alivumilia, akavumilia, mpaka jembe lilipokaribia shina, uvumilivu ukamshinda. Alitoka mbio akamwuliza kama anataka kumuua na huyu. Akapiga magoti, wakachimba pamoja, wakafunga mizizi kwenye gunia lililoloweshwa. Kisha akasimama, akakung'uta nguo, akamwambia kwamba hajamwona na yeye hajaonwa.

Siku ya ugeni majirani wote tulialikwa. Yule mama alipanda polepole hadi ukutani. Mwaridi ulikuwa umepukutisha majani mengi, lakini ua moja lilikuwa limefunguka. Alilinusa, akatabasamu, kisha akalishika shina.

"Wa mama ulikuwa mnene kama mkono wangu," alisema. "Huu ni mtoto. Wa mama uko wapi?"

Msimamizi aliivua kofia. Mkewe aligeuka akaitazama nyumba ya langoni. Nilimwonea huruma yule mwanamke, nikaona shangazi naye anamtazama. Nilimshika gauni. Haikusaidia.

"Ulikufa, mama," shangazi alisema, akisogea mbele za watu. "Huu ni mtoto wake kweli. Niliuiba mimi, hapa hapa, nikaapa kwa jina la marehemu mume wangu kwamba sikuiba. Huyu bwana ameuchukua kwangu usije ukakuta ukuta mtupu. Kama kuna wa kufukuzwa, nifukuzwe mimi."

Yule mama aliliachia shina. Akauliza wa zamani ulikufaje. Alipoambiwa, alimwagiza msimamizi siku nyingine aiache mbolea ioze kwanza, na adhabu yake ikaishia hapo. Halafu akamshika shangazi mkono, akamtaka amtembeze. Kila walipofika alinyoosha mkongojo akauliza kama na huu aliuchukua, na shangazi akakubali, na ule je, ule aliuchukua mara mbili kwa kuwa wa kwanza haukushika. Msimamizi alifuata nyuma akizidi kupauka.

Kando ya bwawa palikuwa na mawe matupu. Yule mama akasimama. Alisema hapo palikuwa na maua madogo ya buluu, ambayo mama yake alikuwa akimwekea kando ya mto wa kulalia kila alipougua. Yalikufa ile miaka ambayo hapakuwa na mtu. Ameyatafuta kila mji alioishi, hajayapata.

Shangazi aliinama akayagusa mawe.

"Hayo ninayo, mama," akasema. "Yamejaa mpaka kwenye ngazi za jikoni."

Machozi yalimtoka yule mama, na hakuyafuta. Wageni walikuwa wanangoja, viti vimepangwa, mtu wa hotuba ameshashika karatasi yake.

"Basi twende kwako," akasema, akageuka kuelekea langoni.