Jina la Mama Merveille

Mwalimu Bertin alifundisha shule ya msingi hapa Baraka, mji wetu wa Kongo kando ya ziwa, miaka thelathini na minne, na mimi, Espérance, nimekuwa jirani yake kwa ishirini. Kwa hiyo niligundua kabla ya daktari yeyote kwamba kichwa chake kimeanza kuvuja. Asubuhi moja alinikuta nafagia, akaniuliza kwa nini sikuvaa yunifomu. Nina miaka hamsini na nane! Nilikasirika, nikacheka, halafu nikaogopa.

Binti yake, Merveille, akaamua kumpeleka kwa Wilfried Nizigiyimana, mkimbizi wa Burundi aliyejifunza kutibu kwa sindano nyembamba za Kichina. Mkewe Mwalimu alikwenda, nami nikaenda. Hakuna aliyenialika.

Wilfried alianza na tumbo.

"Choo unaenda mara ngapi kwa juma, Mwalimu?"

"Mi nilikuya juu ya kichwa!"

"Kichwa na tumbo binaongeaka, Papa."

Ikabidi mkewe ajibu: mara moja, na siku hiyo mtaa mzima unajua. Mwalimu alikuwa amebaki kula bugali wa muhogo na samaki mkavu tu. Mboga alisema ni chakula cha mbuzi.

Zikaja sindano, kumi na mbili, kichwani na miguuni. Sasa, huku kwetu sindano ni kitu chenye dawa ndani. Mwalimu akasubiri dawa. Haikuja.

"Dawa iko wapi?"

"Hakuna dawa, Papa. Ni sindano yenyewe."

"Unanichoma sindano ya bure? Mi ni mujinga?"

Akainuka, akatoka hadi barabarani, sindano zimesimama kichwani kama nungunungu, kwenda kutafuta kichupa cha vitamini wakazijaze. Tulimkuta kwenye duka la dawa. Muuzaji alikuwa amejificha nyuma ya kabati akiomba kwa jina la Yesu.

Tulipomrudisha, Wilfried alimtoa sindano, akachukua karatasi ya kupima kumbukumbu. Leo ni siku gani? Akakosa. Ziwa letu linaitwaje? Tanganyika, akajibu kwa dharau, akaongeza na kina chake kwa mita.

"Bibi yako anaitwa nani?"

"Mama Merveille."

"Ile ni ya mutoto. Jina yake yeye mwenyewe?"

Mwalimu akamtazama mkewe muda mrefu.

Wilfried akaandika alama mbaya, na hapo nikapandwa na hasira. Mwanamke wa huku akishazaa wa kwanza, jina lake linawekwa sandukuni. Ataitwa mama fulani mpaka azikwe. "Hata mi sijui jina yake!" nikasema. "Niandike na mi, niko mugonjwa!"

Merveille alifungua mdomo ili alitaje. Mama yake akamziba kwa kiganja.

"Nyamaza. Aseme yeye. Miaka makumi tatu na munane hajaniita jina yangu. Kama haiko mule ndani, mi niko wapi?"

Hakuwa anatania. Macho yalikuwa yamejaa maji, nikaona haya kwa mzaha wangu.

Walirudi nyumbani na amri: maharagi, mboga ya lengalenga, maziwa ya mgando, maji mengi. Mama Merveille alimlisha kwa hasira. Siku ya kumi habari njema za chooni zilitangazwa juu ya ua kabla hata sijaamka vizuri. Lakini jina halikuja. Akiitwa "Mama Merveille, leta maji," alileta, ila kikombe alikitua kwa kishindo.

Safari ya tatu kwa Wilfried, Mwalimu alichomwa, akasinzia, mkewe kamshika mkono. Mara akasema, macho yamefumbwa:

"Pulchérie. Ulianika samaki bidogo bya ndakala kule Swima, nikabikanyaga. Ulinitukana mpaka babu yangu."

Mama Merveille akalia kwa sauti. "Rudilia!" akasema. Akarudilia. Akamlazimisha arudie mara ya tatu, kama mwanafunzi mzito. Mimi nililia pia, kwa furaha na kwa wivu, maana marehemu mume wangu alikwenda kaburini akiniita kwa jina la mtoto.

"Ni sindano?" Merveille akauliza.

"Sijui," Wilfried akasema. "Pengine ni sindano, pengine maharagi, pengine mukono ya mama."

Sitawadanganya kwamba alipona. Majuma mawili baadaye nilikuwa kwao nimekwenda kuomba moto, Mwalimu akatoka chumbani akiwa amevaa shati ndani nje. Akamkuta mkewe anakoroga uji, akasimama kwa adabu, kama mgeni.

"Bonjour, mama. We ni nani?"

Nikaona mwiko ukisimama. Nikasubiri aseme lile jina la siku zote.

"Pulchérie," akasema.

Mwalimu akalitafuna jina taratibu, akatabasamu.

"Jina muzuri. Uko na bwana?"

"Niko naye," akajibu, akamvutia kiti. "Ikala, unywe uji."